Sanaa, Picha, Drama, Filamu au Muziki? Ulinganisho kwa anayetaka somo moja la ubunifu A-level

Juzijuzi usiku mtoto wa dada yangu kanitumia voisi ya dakika tisa. Yuko mwaka wa 11, mitihani ya GCSE iko mlangoni, fomu ya siksi fomu inatakiwa shuleni wiki hii, masomo mawili ashayajua, Baiolojia na Saikolojia, la tatu anataka liwe la ubunifu na hapo ndo kakwama. "Mamdogo napenda kuchora, napenda drama, na muvi ndo usiseme, nichukue lipi?" Nikaanza kumjibu kidogo kidogo nikiwa kwenye basi, halafu nikaona bora niandike yote mahali pamoja, manake familia zetu nyingi huku Uingereza tunakutana na swali hilohilo kila mwaka, na wengi wetu wazazi tulisoma nyumbani kwenye mfumo mwingine kabisa.

Kwanza tuwekane sawa. Hapa England siksi fomu ni mwaka wa 12 na wa 13, wengi wanachukua masomo matatu, ndo hizo A-level tatu, na hamna kombi za masomo yaliyopangwa pamoja kama zile zetu za Tanzania, PCM na HGL, mtoto anaweza kuweka Kemia na Hisabati na Sanaa pamoja na hakuna wa kumshangaa, kinachoweza kumzuia ni gredi zake za GCSE au ratiba ya shule tu. Scotland wana Highers zao, huko siendi.

Sasa mwanangu wa kwanza. Alichukua Midia kwa sababu alikuwa anapenda kuediti video, toka asubuhi hadi usiku yuko na simu anakata vipande anaweka muziki, na siku tuliyoenda kutembelea shule walituonyesha kamera na chumba cha kuediti kizuri sana. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza, kwamba Media Studies A-level asilimia 70 ya maksi ni mitihani ya kuandika na asilimia 30 tu ndo kazi ya kutengeneza kitu. Mtoto akajikuta anaandika insha juu ya nani anamiliki magazeti, tangazo la miaka ya nyuma linamwonyeshaje mwanamke, nadharia ya huyu na nadharia ya yule, mambo mazuri sana kwa anayeyapenda ila yeye hakuyafuata hayo. Alimaliza, alipata C, lakini mwaka wa 13 wote alikuwa anatoka nyumbani kama mtu aliyeitwa kituoni.

Ndo maana siku hizi swali langu la kwanza sio unapenda nini. Ni maksi zinatoka wapi, na ile kazi ya kuzipata, ya Jumanne ya kawaida mwezi wa kumi na moja, mvua inanyesha na saa kumi jioni kushakuwa giza, unaiweza bila kusukumwa? Nalinganisha yote kwa swali hilo.

Sanaa na ndugu zake

Watu wanasema "Art" kama kitu kimoja ila Art and Design A-level ina matawi, kuna Fine Art ya kuchora, kupaka rangi na kuchonga, kuna grafiki, kuna vitambaa, kuna vitu vya umbo kama udongo na mbao, na kuna upigaji picha. Matawi yote yanasahihishwa kwa mpango mmoja. Asilimia 60 ni projekti yako binafsi, unachagua mada mwenyewe na kuifanyia kazi kwa miezi mingi pamoja na maandishi ya kuanzia maneno 1,000. Asilimia 40 ni kazi inayotoka bodi ya mtihani, karatasi ya maswali inatolewa kuanzia tarehe 1 Februari, unachagua swali moja, unajiandaa kwa wiki kadhaa halafu unakaa masaa 15 chini ya usimamizi kuitengeneza kazi ya mwisho. Masaa 15 shule nyingi zinayagawa siku tatu. Hamna karatasi ya insha kabisa, hakuna kukariri.

Mtu akisikia hakuna mtihani wa kuandika anadhani ni somo la kupumzikia. Jamani. Binti yangu alilichukua hili na nililiona kwa macho yangu kwenye meza yetu ya kulia chakula kwa miaka miwili. Kuna kurasa mbili za daftari lake la A3 nazikumbuka mpaka leo, alichora birika la umeme mara tisa, kwa penseli, kwa mkaa, kwa wino na kijiti, mara moja kwa mkono wa kushoto, na mwisho kwa rangi ya akriliki aliyoikwangua kwa kadi ya benki iliyoisha muda, na kwenye ule mng'ao wa birika unaliona jiko letu lote limejipinda na mimi nimesimama mlangoni mdogo kama punje ya mchele. Mimi nikaona kazi imeisha, tena nzuri. Mwalimu kabandika kikaratasi cha njano pembeni, kamwandikia: umeona nini kwenye ya sita ambacho kwenye ya tano hukukiona?

Hapo ndo nikalielewa somo lenyewe. Maksi zinagawanywa karibu sawa kwa vitu vinne, kukuza wazo huku ukichunguza wasanii wengine, kujaribu vifaa na mbinu, kurekodi unachokiona na unachokifikiria, na kutoa kazi ya mwisho yenye maana. Yaani ile picha nzuri ya kutundikwa ukutani ni robo tu. Wapo watoto wanaochora kama kamera na hawapati A kwa sababu daftari lao halionyeshi wametokaje hapa wakafika pale, na yupo mtoto wa kawaida tu kwa mkono ila anajaribu, anakosea, anaandika kwa nini amekosea, anageuza, na anapaa. Kwahiyo ukiwa unapenda kuchora ila unachukia kuulizwa "kwa nini" kila ukurasa, jua ndo chakula cha kila siku huko.

Tukilinganisha matawi sasa. Upigaji picha unavutia wengi manake kila mtu ana simu, na kweli unaweza kuuanza bila kujua kuchora, hilo ni faida kubwa kwa mtoto ambaye hakuchukua Sanaa GCSE. Lakini ujue daftari na maelezo ni yaleyale, na kazi kubwa ni kutoka nje kupiga, unapiga picha 200 kurudi nyumbani unachagua sita na kueleza kwa nini zile 194 umeziacha. Mtoto asiyependa kutoka atateseka. Grafiki inamfaa yule anayefurahia kutatua tatizo la mtu mwingine, bango linatakiwa lisomeke kutoka mbali, kifurushi kinatakiwa kisimame, kuna masharti na yeye anapenda masharti. Fine Art ni kinyume chake, masharti ni machache na mtoto anayetaka kuambiwa afanye nini anaweza kukaa mbele ya ukurasa mweupe wiki mbili. Vitambaa na udongo zinategemea sana shule ina vifaa gani, kama tanuri la udongo limeharibika toka mwaka juzi hilo somo halipo hata kama limeandikwa kwenye kijitabu.

Na kuchagua tawi sio kufunga ndoa. Magdalene Odundo, yule mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi ambaye vyungu vyake viko kwenye makumbusho makubwa duniani, alianzia kwenye sanaa ya biashara kule Kenya, akaja Uingereza 1971 kusoma kwenye chuo cha sanaa cha Cambridge, na udongo akauingia huku.

Drama

Drama and Theatre ni mchanganyiko, kwa bodi nyingi asilimia 60 ni vitendo na 40 ni mtihani wa kuandika. Kwa AQA kwa mfano, moja ya bodi za mitihani, mtihani ni masaa matatu, unaruhusiwa kuingia na tamthilia zako, unaandika jinsi ambavyo ungeigiza au ungeipanga sehemu fulani jukwaani, na unachambua onyesho ulilokwenda kuliona mwenyewe. Halafu kuna kazi mnayoitunga grupu kutoka sifuri, asilimia 30, na kuonyesha sehemu ya tamthilia iliyokwishaandikwa, asilimia 30 nyingine. Ile ya kutunga, wengi hawajui hili, maksi 40 kati ya 60 ziko kwenye daftari la kazi unaloandika njiani, onyesho lenyewe ni 20. Kumbe hata huku kuna daftari.

Ukilinganisha na Sanaa tofauti kubwa kabisa ni watu. Sanaa ukikosa wiki unaumia peke yako na unafidia peke yako usiku. Drama ukikosa wewe wanakwama wanne, na wakikosa wao unakwama wewe. Kuna mtoto hilo linampa nguvu, anaenda shule hata akiwa na mafua kwa sababu wenzake wanamsubiri, na kuna mtoto linamla, anarudi nyumbani kila siku analalamika fulani hajajifunza maneno yake, na kosa sio la mtu, ni kwamba amezoea kumiliki kazi yake mwanzo mwisho. Jijue uko upande gani kabla hujasaini.

Kitu kingine ambacho nataka wazazi wa watoto wapole wakisikie vizuri. Sio lazima kuigiza. Kwenye AQA mtoto anaweza kupimwa kama mbunifu wa taa, sauti, seti, mavazi au vikaragosi, au kama mwelekezi. Rafiki wa mwanangu alikuwa kimya kiasi kwamba ukimsalimia anaitikia kwa kichwa, akachukua Drama watu wakashangaa, kumbe yeye alikuwa juu ya ngazi na taa. Nilikwenda kuona onyesho lao. Kuna sehemu mama anasoma barua na mwanga ukawa unapungua taratibu sana, hata huoni unapungua, mpaka ukabaki kwenye karatasi tu na mikono yake, uso umeingia gizani. Ukumbi wote ukanyamaza. Yule kijana alikuwa nyuma na karatasi yake ya penseli ameandika sekunde ngapi kwa kila badiliko, na hizo zilikuwa maksi zake sawasawa na za aliyesimama mbele.

Na kwa mtoto wa dada yangu hapa ndo nilisimama sana, kwa sababu anapenda kuchora NA drama, na watu wanazitenganisha kama mashariki na magharibi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kuletwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, alisomea ubunifu wa jukwaa pale Wimbledon, na leo ni mchoraji aliyeshinda Turner, tuzo kubwa ya sanaa hapa Uingereza, 2017, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Ukiziona zile sanamu zake za mbao bapa zilizochorwa watu wa kimo cha kweli, zimesimama sakafuni unapita katikati yao, unaliona jukwaa mle ndani waziwazi.

Filamu na Midia

Hizi mbili zinachanganywa na watu wengi sana, hata na baadhi ya shule kwenye maelezo yao. Mgawo wa maksi unafanana, 70 mitihani na 30 kutengeneza. Tofauti iko kwenye unachosoma. Midia ni pana, magazeti, matangazo, redio, vipindi vya tivii, mitandao, gemu, na swali lake ni nani anatuambia nini na kwa faida ya nani. Filamu ni nyembamba na ndefu kwenda chini, kwa bodi ya Eduqas unasoma filamu 11 na unazijua mpaka unaweza kueleza kwa nini kamera ilikaa chini sekunde ile. Kazi ya kutengeneza unachagua, ama filamu fupi ya dakika nne hadi tano, ama skrinipulei ya maneno 1,600 hadi 1,800 pamoja na storibodi ya picha za kamera, shoti kwa shoti, ya sehemu yake moja, halafu unaandika uchambuzi wa kazi yako mwenyewe.

Niseme wazi, kama mtoto anaandika insha vizuri na anapenda kubishana juu ya muvi baada ya kuiona, Filamu ni somo zuri mno na nadhani halithaminiwi inavyostahili. Linakaa vizuri pamoja na Historia au Kiingereza. Ila kama anataka kushika kamera kila wiki, atapata kamera zaidi kwenye A-level ya upigaji picha, ambako baadhi ya shule zinaruhusu na video, au kwenye kozi za ufundi nitakazozitaja chini. Mwanangu angeambiwa sentensi hiyo moja angechagua vingine.

Muziki, na Teknolojia ya Muziki

Muziki ndo somo pekee hapa ambalo huwezi kulianza ukubwani ukiwa na hamu tu. Kwa bodi ya Edexcel kupiga au kuimba ni asilimia 30, kutunga 30, kusikiliza na kuchambua 40. AQA wana 35 kwa onyesho, 25 kutunga, 40 mtihani. Onyesho la Edexcel ni dakika nane angalau, za AQA kumi, na kiwango wanachokitarajia ni cha juu, kwa hiyo shule nyingi hutaka mtoto awe karibu na gredi ya 5 au ya 6, kati ya nane, kwenye ile mitihani ya kupiga chombo na ajue kusoma noti. Watoto wetu wengi wana sikio la ajabu, wamekulia kwenye kwaya kanisani au kwenye kaswida, wanashika sauti ya pili bila kufundishwa, halafu wanafika hapo wanaulizwa noti wanakwama. Mlango haujafungwa, lakini inabidi kuanza noti sasa, kiangazi chote, sio Septemba. Muulizeni mwalimu wa muziki moja kwa moja, mara nyingi darasa lake lina watoto wachache na anamtaka huyo mwanafunzi kuliko mnavyofikiri.

Teknolojia ya Muziki inatolewa na Pearson Edexcel tu, na ni kitu kingine. Kurekodi asilimia 20, kutunga kwa kompyuta 20, halafu mitihani miwili ya kusikiliza na kutengeneza sauti inachukua 60 iliyobaki. Humo kuna fizikia ya mawimbi, namba, historia ya vifaa vya kurekodia toka enzi za kanda. Mtoto anayetengeneza biti chumbani usiku asidhani ni biti mwanzo mwisho, ila akiwa anapenda kujua kwa nini sauti ya ngoma inajaa kwenye spika fulani na nyingine haijai, atafurahi sana. Tatizo ni shule chache zinalo.

Freddie Mercury naye ni mzaliwa wa Unguja, na chuoni Ealing alisoma grafiki, sio muziki. Ile nembo ya Queen yenye simba aliichora mwenyewe. Hilo nawaambia wale ambao noti zimewakataa.

Mengine kwa haraka

Dansi kwa AQA ni nusu kwa nusu, vitendo 50 na mtihani wa kuandika 50, na kwenye vitendo unatunga, unacheza peke yako, na unacheza kwenye kundi la wanne. Product Design ni nusu projekti nusu mitihani, na ndani ya mitihani kuna hesabu, huyu ni mtoto anayependa kujua kiti kimeungwaje kuliko anayependa kukichora. Uandishi wa kubuni peke yake kama A-level haupo tena, AQA waliuanzisha 2013 na baadaye wakauondoa, kwa hiyo mtoto anayeandika hadithi aangalie English Language, kwa AQA kuna kazi ya kuandika kitu chako cha maneno 750 na maelezo yake 750 mengine. Ni sehemu ndogo ya maksi, asijidanganye, lakini ipo.

A-level moja au kozi nzima?

Yote niliyosema ni kwa anayetaka somo MOJA la ubunifu kati ya matatu. Kama mtoto anataka ubunifu wiki nzima kuna njia nyingine. Diploma za vitendo za level 3, yaani kiwango sawa na A-level, kama BTEC Extended Diploma au ile ya UAL, zinachukua nafasi ya A-level tatu, anakuwa studioni siku zote. Kuna T Level pia, kozi ya ufundi ya miaka miwili, toka 2024 ipo ya ufundi na dizaini na ipo ya midia na utangazaji, ndani yake lazima kuna kazi ya mafunzo kwa mwajiri isiyopungua masaa 315. Faida ni vifaa, muda, na walimu wengi wao wamefanya kazi hiyo kweli. Hasara ni kwamba ukibadili mawazo ukiwa na miaka 17 ukataka unesi au sheria, umebana. Mtoto mwenye uhakika wa mifupani aende, na mzazi asimwone kafeli. Ambaye bado anayumba abaki na A-level tatu na moja iwe ya ubunifu. Na serikali inabadilisha hizi kozi za ufundi kwa hiyo kiulizeni chuo chenyewe mwaka huu wanatoa nini, msitegemee alichosoma binamu.

Hofu ya wazazi

Najua linalosemwa kwenye magrupu yetu. Somo la ubunifu litamharibia chuo kikuu. Hili lina chimbuko, vyuo vya Russell Group, kundi la vyuo vikuu vinavyosifika hapa Uingereza, vilikuwa na orodha ya masomo ya "kurahisisha njia", Sanaa, Muziki na Drama hazikuwemo, na watu wakaisoma kana kwamba zimekatazwa. Orodha hiyo waliiondoa 2019. Pointi za UCAS, wale wanaopokea maombi ya vyuo vikuu, hazibagui, A ya Sanaa ni 48 na A ya Kemia ni 48. Kinachotazamwa ni kozi unayoomba inataka masomo gani. Udaktari, vyuo vingi vinataka Kemia au Baiolojia, mara nyingi zote mbili, na la tatu kwa sehemu kubwa ni hiari yako. Kwa mtoto wa dada yangu mwenye Baiolojia na Saikolojia, la tatu halimfungii kitu alichokuwa nacho mezani.

Upande wa pili kuna milango ambayo usipokuwa na kazi za kuonyesha haifunguki vizuri. Usanifu wa majengo, kozi nyingi zinaomba potfolio. Uhuishaji, mitindo, ilustresheni, hivyohivyo. Wengi wanaotaka digrii ya sanaa wanapita kwanza mwaka mmoja wa Foundation, kozi ya maandalizi ya sanaa, baada ya A-level, na hapa England kwa walio chini ya miaka 19 kwa kawaida hawalipi ada ya mwaka huo. Mkijua hilo mapema hamtashtuka mtoto akisema anaongeza mwaka.

Pesa ya vifaa nayo ni kweli. Rangi, karatasi, kuchapa picha, tiketi za kwenda kuona onyesho, vinakusanyika. Ulizeni shule juu ya basari ya 16 hadi 19, ipo kwa ajili hiyo, na kuna familia zetu zinaona aibu kuijaza ile fomu wakati mtoto anaazima brashi. Ijazeni.

La mwisho kwa wanaotaka masomo mawili ya ubunifu. Angalieni kalenda kwanza. Projekti ya Sanaa inataka kufungwa Januari kabla karatasi ya Februari haijatoka, na maonyesho ya Drama mara nyingi yanaangukia muhula huohuo wa pili pamoja na maandalizi ya yale masaa 15. Binti yangu alikuwa na Sanaa moja tu na mwezi wa tatu alilala mezani kichwa juu ya gundi. Wapo wanaoweza mbili, nimewaona, ni watoto wanaoanza kazi siku inapotolewa.

Siku ya kutembelea shule

Kila shule itakuonyesha daftari la A*. Ombeni daftari la C. Likae mkononi, lifungue kurasa za katikati, mtoto ajiulize kama angeweza kufanya hiki kila wiki akiwa hana hamu. Kwenye Drama ombeni kuona daftari la kazi, sio video ya onyesho. Kwenye Midia na Filamu ombeni insha iliyosahihishwa. Na muulizeni mwalimu mwaka jana walianza wangapi na wakamaliza wangapi, halafu msikilize anavyojibu.

Mtoto wa dada yangu tulikwenda naye Alhamisi. Kwenye chumba cha Sanaa alipitia madaftari mawili akayaweka. Kwenye chumba cha Drama kulikuwa na boksi la viatu mezani, ndani mwanafunzi kajenga seti ya chumba, kitanda cha njiti za kiberiti, dirisha la karatasi ya mafuta, na taa ndogo ya tochi unaisogeza unaona kivuli cha kitanda kinahama ukutani. Aliisogeza ile tochi kama dakika kumi. Kulia, juu, chini, akarudisha kulia. Mimi nikaenda kuongea na mwalimu, nikarudi bado anaisogeza. Kwenye basi wakati wa kurudi akaniuliza kama ubunifu wa seti na mavazi anaweza kuuchukua bila kuigiza hata mara moja, nikamwambia anaweza, ila ile kazi ya kutunga bado atakaa kwenye grupu na kubishana na wenzake kama kawaida. Akasema kubishana anaweza. Fomu kaipeleka jana: Baiolojia, Saikolojia, Drama.